Msomaji wa Pili

Ninyi wa ghala mliniomba niandike kurasa chache kabla sijasahau, na kabla ninyi hamjanisahau, ingawa hilo la pili hamkulisema. Mlitaka mawaidha. Mawaidha sina. Nina miaka ishirini na sita ya kuhesabu dawa hapa mjini Baraka, kumi na mbili kati yake nikiandika pia msimbo, yaani yale maelekezo ambayo kompyuta huyasoma ili ijue la kufanya. Vyeo sitavieleza, maana nilipata kimoja tu, nacho kilikuja pamoja na kiti kilichovunjika mguu. Nitaeleza jinsi nilivyotafuta watu wa kuisoma kazi yangu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonichosha kuliko zote, na sijaona anayeifundisha.

Nilianza wiki ya pili baada ya kurudi kutoka ng'ambo ya ziwa. Huko upande wa Kigoma, katika kambi ya wakimbizi, nilikuwa nimejifunza uuguzi msaidizi pamoja na Kiswahili hiki ninachowaandikia, ambacho ninyi mnakicheka. Umoja wa zahanati ulikuwa na ghala la vyumba viwili, na mkuu wa ghala alikuwa Papa Mmunga, mzee mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea nyavu. Tulihudumia zahanati kumi na nne: za ufukweni kama Lweba, za mashambani kama Lubondja, na nyingine kwenye njia ya Misisi, ambako pikipiki hurudi ikiwa na rangi tofauti na ile iliyoondoka nayo.

Siku ya kwanza alinipa kalamu nyekundu na kuniambia nihesabu maboksi ya paracetamol. Nikahesabu. Kisha akaja akayahesabu yeye mwenyewe, polepole, boksi kwa boksi, mbele yangu. Nilikasirika. Akaniona.

"Si kama sikuamini, Mama Nyassa," alisema. "Macho ya muntu moja inachokaka."

Alipomaliza alinisogezea maboksi aliyoyahesabu yeye asubuhi, ili nami niyahesabu. Ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka tisa. Hakuna kitu kilichotoka ghalani bila kupita kwenye macho ya watu wawili, na wala hakuona aibu nilipomkuta amekosea.

Somo lake la pili lilikuwa la rapoti. Kila mwisho wa mwezi zahanati zilituletea karatasi yenye safu ya dawa zilizotumika. Nikaona kwamba mahali pengine muuguzi ameandika sifuri na mahali pengine amechora kistari. Nikadhani ni uvivu wa mkono. Nikaanza kuvigeuza vistari vyote kuwa sifuri, kwa kalamu nyekundu, kwa unadhifu mkubwa. Papa Mmunga akanishika mkono.

"Acha, acha! Unaua bantu hapo."

"Naua nani, Papa? Si yote ni hapana kitu?"

"Non. Zero, njo kusema dawa iko, mugonjwa hakukuya. Kamustari, njo kusema mugonjwa iko, dawa haiko. Ule wa zero, umuache kwanza. Ule wa kamustari, umukimbilie."

Desturi hiyo ilikuwa ya zahanati zetu tu. Sijaikuta katika kitabu chochote, na mgeni hawezi kuijua asipoambiwa. Nilifuta wino wangu kwa wembe, kistari kimoja kimoja, mpaka karatasi ikatoboka.

Papa Mmunga alifariki mwaka wa tisa. Mume wangu alikuwa ameshatangulia, na binti yetu alikuwa ameolewa Uvira. Nilihesabu peke yangu kwa muda mrefu. Mara nyingi nilijikuta nimesogeza daftari upande wa pili wa meza, ambako hapakuwa na mtu, kisha nikalivuta tena kwangu. Umoja uliahidi kuniletea msaidizi, na naamini ungekuwa bado unamtafuta kama msingekuja ninyi, miaka mingi baadaye.

Badala ya msaidizi ilikuja kompyuta, na paneli ya jua, na mgeni mmoja aliyekaa wiki tatu. Alituwekea programu ya kuhesabu dawa, akanionyesha pa kubonyeza, akaniachia kitabu kinene, akaenda zake. Programu hiyo ilikuwa ya wazi. Maana yake haina mwenyewe, au ina wenyewe wengi: mtu yeyote, popote alipo, anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuurekebisha, na kupeleka badiliko lake kwenye ukurasa wa mradi. Sharti ni moja. Badiliko haliingii mpaka lisomwe na watu wawili ambao hawakuliandika, na kila mmoja wao aseme limekubalika. Niliposoma sharti hilo nilicheka kwa sauti, nikamkumbuka Papa Mmunga.

Nilijifunza kuandika msimbo kwa hasira. Programu ilikuwa ikichapisha tarehe kwa kutanguliza mwezi kabla ya siku, na wauguzi wetu walikuwa wakiturudishia dawa nzima wakidhani zimepitwa na muda. Nilimwandikia yule mgeni, hakujibu. Nikafungua kitabu kinene. Mwalimu wangu mwingine alikuwa zile sentensi nyekundu ambazo kompyuta huandika ukikosea. Hana subira, lakini hakuchoki. Baada ya miezi mitano nilikuwa nimebadilisha mistari minne. Niliipeleka kwenye mradi, pamoja na maelezo kwa Kiingereza cha kamusi, nikasubiri.

Nilisubiri siku kumi na moja. Kila asubuhi nilichomeka simu kwenye kompyuta, nikangoja mtandao, nikafungua ukurasa. Umeandikwa: Inasubiri wasomaji. Ni maneno mawili tu, ila ukiyakuta kila asubuhi unaanza kudhani yanakusema wewe.

Siku ya kumi na mbili niligundua kosa langu. Nilikuwa nimewaomba wote, na ukiwaomba wote kila mmoja hudhani mwenzake ameshaitika. Msimbo una kumbukumbu: kila mstari unajua nani aliuandika, lini, na kwa sababu gani. Nikatazama ile mistari ya tarehe, nikakuta jina la mtu mmoja, Anselm, anayeishi katika nchi ya baridi ambayo sijawahi kuiona. Nikamwandikia yeye kwa jina lake. Alijibu ndani ya saa moja. Alinionyesha makosa mawili, akanishukuru, akamwita mwenzake Pilar asome pia, na kabla ya chakula cha mchana tarehe za Baraka zilikuwa sawa. Kwa hiyo hilo lishikeni: usigonge mlango wa kijiji, gonga mlango wa nyumba.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu ni nzito. Tangu siku hiyo nilimpelekea Anselm kila kitu, na Pilar kila kitu. Walijibu haraka. Waliandika "Safi", "Vizuri sana, Nyassa", na mara nyingine waliniuliza hali ya hewa. Nilikuwa nikimaliza kazi ya siku nzima bila kusema na mtu isipokuwa dereva wa pikipiki anayedai saini, halafu nafungua ukurasa nakuta watu wawili wameniita kwa jina. Nikaanza kuvunja badiliko moja kuwa mawili, ili nijibiwe mara mbili. Nilijiambia nimepata wasomaji wazuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepata watu wa kuzungumza nao, na sikutaka kuwaudhi wala kuwapoteza kwa kutafuta wengine.

Mwaka wangu wa tatu wa msimbo niliandika sehemu ya kukadiria mgao. Programu ingetazama miezi iliyopita ya kila zahanati, ipate wastani, iniambie nipeleke dawa kiasi gani. Ilikuwa kazi kubwa na nilijivunia. Lakini ilikuwa ikikwama. Kompyuta haikupokea kistari katika visanduku vyake, ilitaka tarakimu tu; kwa hiyo penye kistari nilikuwa nikiacha kisanduku kitupu, na hesabu ilipofika kwenye utupu ilisimama. Nikaongeza mstari mmoja: kisanduku kikiwa kitupu, hesabu sifuri. Ikaenda vizuri kama maji. Anselm akaandika "Safi." Pilar akaandika "Safi sana, sasa inasomeka." Badiliko likaingia siku hiyo hiyo, na nilienda nyumbani nikiimba.

Mnaona nilichofanya. Mimi, niliyeshikwa mkono na Papa Mmunga. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimejitafutia wasomaji ambao wasingeliona hata wakinitembelea.

Mvua zilikuwa zimekolea alipokuja Wilondja, muuguzi mkuu wa zahanati ya Lubondja. Kijijini walimwita Docta, na alikuwa ameacha kuwakatalia. Aliingia ghalani na matope mpaka magotini, akiwa amefunga rejista katika mfuko wa plastiki.

"Mama Nyassa, mashini yako inatuchukia?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Alifungua rejista juu ya meza, akaigeuza inielekee.

"Angaria. Kamustari, kamustari. Miezi mbili mizima dawa ya malaria haiko. Na mulipotuma, mulituma karto mbili, maboksi mbili tu."

"Mashini iliona mulitumia kidogo, Papa Wilondja."

"Kidogo? Batoto banalala wawili-wawili ku kitanda, na we unasema kidogo?"

Nilivuta kompyuta, nikafungua ukurasa wa Lubondja. Miezi miwili: sifuri, sifuri. Nilijua kabla hajaendelea.

"Iko mutoto moja, wa Mama Sifa," alisema. Sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Malaria ilipanda ku kichwa. Tulimubeba na moto, ile pikipiki yetu, mpaka ku hospitali. Alipona. Lakini hasikie tena. Mamake anamuita, yeye anaangaria ukuta."

Nilimwambia kwamba kosa ni langu, si la mashini.

"Kazi hii, nani aliisomaka mbele muitumie?"

"Batu wawili. Wajuzi kabisa."

"Banakaa wapi?"

"Mbali. Ulaya."

"Na bote bawili banajua kamustari njo nini?"

Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisaidia kufunga maboksi niliyompa siku ile, yote niliyoweza kutoa, akayafunga mwenyewe kwenye pikipiki kwa mpira, akaondoka katika mvua. Nimemwona mtoto wa Mama Sifa mara moja tangu hapo, sokoni. Ni msichana mrefu sasa. Nilimsalimia, kisha nikakumbuka.

Kesho yake niliufuta ule mstari. Nilianza kuandika mwingine, utakaoweka alama ya peke yake mahali penye kistari. Nilipomaliza, kidole kilikuwa tayari juu ya jina la Anselm kwa mazoea. Nikakiondoa. Nilimpigia simu Wilondja nikamwambia siku atakapokuja kuchukua mgao wa mwezi, akae nami saa moja.

Alipokuja alisema hajui kompyuta. Nikamwambia hilo halina shida, asikilize. Nikauvua msimbo Kiingereza chake nikamsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kama anayesoma barua kwa jirani. Kama kisanduku kina tarakimu, ichukue. Kama kisanduku ni kitupu, weka alama ya dawa kuisha.

"Simama," akasema. "Tupu ya namna gani?"

"Namna gani tena? Tupu."

"Kama muntu ya moto alipotezaka rapport mu njia? Ile pia ni tupu. Lakini pengine dawa iko. Utatuma bure, na wengine batakosa."

Nilikuwa nimeandika sehemu ile mara mbili, na watu wawili wajuzi walikuwa wameisoma, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejiuliza hilo. Tuliongeza alama ya tatu, ya rapoti isiyofika. Aliposikia mara ya nne akasema: "Sasa njo vile." Hicho ndicho kilikuwa kibali changu cha kwanza chenye uzito.

Mradi haukufurahi. Msomaji, waliniandikia, ni lazima aweze kusoma msimbo. Nilibishana nao wiki tatu, kwa heshima, kamusi ikiwa wazi mezani. Niliwaeleza habari ya Lubondja bila kuficha jina langu wala majina yao. Pilar hakujibu kabisa. Anselm alikaa kimya siku sita, kisha akaandika kwamba amelala vibaya, na kwamba yeye aliangalia kama mstari unafanya nilichosema unafanya, hakuangalia kama nilichosema ndicho kinachotakiwa. Kisha alipendekeza jambo ambalo ninyi mnalikuta limeshakuwepo na mnadhani lilishuka kutoka mbinguni: ile orodha ya wasomaji. Kila sehemu ya programu ina majina yake. Sehemu ya zahanati ina majina mawili, mmoja anayejua msimbo na mmoja anayejua kazi, na bila wote wawili hakuna kinachopita. Tukaandika: Nyassa, Wilondja. Kazi niliyoandika mimi mwenyewe, Anselm aliisoma badala yangu. Nafasi ya Wilondja haikuwa na wa badala.

Basi kwa miaka saba, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Wilondja alikuja na tukasoma. Nilimfungulia jina lake kwenye ukurasa wa mradi, na mwishoni nilimwachia abonyeze mwenyewe neno la kukubali, kwa kidole kimoja, kama anayepima joto la uji. Alikula muhogo wangu na kuukosoa pia. Sikuwa na rafiki mwingine wa namna ile. Nisiseme uongo, Jumanne ya pili, ya tatu na ya nne zilikuwa ndefu.

Kisha vurugu zilifika upande wao. Lubondja ilitawanyika, wengine walishuka huku, wengine waliingia maporini, wengine walivuka ziwa. Jumanne ya kwanza nilipika muhogo. Simu yake haikupatikana. Niliwauliza waliofika Baraka, kila mmoja akanipa habari yake: alionekana bandarini, hakuonekana, alikuwa amebeba boksi la dawa, alikuwa hana kitu. Mpaka leo sijui.

Lakini ukurasa wa mradi haukujua habari za vurugu. Kila badiliko la zahanati lililokuja liliandikwa chini yake: Inasubiri Wilondja. Moja, tatu, tisa. Anselm aliniandikia kwa upole kwamba ana ufunguo wa kupitisha kwa nguvu, na kwamba jina la mtu aliyenyamaza miezi mitatu huondolewa kwa kawaida. Nikamwambia asiguse. Hata kuondoa jina ni badiliko, na badiliko lenyewe lilihitaji kusomwa na Wilondja. Nililicheka hilo, siku ya kwanza. Nilikuwa nimebakiza miezi sita ya kazi. Nikiondoka, sehemu ya zahanati ingebaki na jina la mtu asiyejulikana alipo na jina la bibi aliyestaafu, na siku moja mtu mwema wa mbali angelisafisha jambo hili kwa mstari mmoja nadhifu. Nilijua inavyokwenda. Nilikuwa nimeshafanya mwenyewe.

Nikaenda kutafuta. Kwenye njia ya Misisi nilimpata muuguzi mmoja mchangamfu, nikamsomea mistari kumi, akasema "bien, bien", yaani vizuri, mara kumi, huku anatazama pikipiki iliyokuwa ikimngoja nje. Hapa mjini nilimpata kijana aliyesoma mambo ya kompyuta Uvira. Aliujua msimbo kuliko mimi, akanirekebisha mambo manne, na hakuwahi kuingia zahanati isipokuwa akiumwa. Huyo nilimchagua ashike mahali pangu, na ndiye mwenzenu Etabo, mnisamehe kumsema. Lakini wa kazi sikumpata. Nilikuwa nimejiwekea kipimo: msomaji anayefaa ni yule atakayegongewa mlango kitu kikiharibika. Wengi wanaogongewa mlango hawana nafasi ya kukaa na bibi na kompyuta.

Lweba nilifika mwisho, kwa sababu muuguzi wa pale, Riziki, alikuwa na sifa ya ukali. Nilimkuta anapima watoto uzito. Aliniambia ningoje, nikangoja mpaka mama wa mwisho alipofunga mgongoni wa kwake. Kisha alinawa mikono, akakaa, akasema: "Soma."

Nilikuwa na badiliko langu la mwisho, na nilitaka liingie kabla sijaondoka. Barabara ilikuwa imeharibika na pikipiki hazibebi mzigo mkubwa, kwa hiyo nilikuwa nimeandika namna ya kugawa mgao wa mwezi mara nne, sehemu sawa kila juma. Nilisoma kwa sauti yangu nzuri kabisa. Aliniacha nimalize.

"Mi nakatala," akasema.

"Unakataa wapi, mwanangu?"

"Yote. Mama, mwezi ikiangaza, balobi hawaende ku maji. Banarudia nyumbani na homa zabo na kuhara zabo. Ile juma, dispensaire inajaa mpaka inje. Giza ikirudia, tunabaki na bamama na batoto tu. We unakata mwezi mara ine sawasawa sawa mukate. Utatuuwa ku juma moja, utatuozesha dawa ku ingine."

Nilizaliwa kando ya ziwa hili. Nimeona taa za wavuvi zikipotea kila mwezi unapokuwa mkubwa, maisha yangu yote. Nilianza kumweleza kwamba nina majuma machache tu, kwamba Anselm ameshakubali, kwamba tunaweza kuingiza hivi kisha kurekebisha baadaye. Aliniangalia tu, kitambaa cha kufutia mikono kikiwa begani.

"Njo sababu munakuyaka kuniuliza? Nikubali?"

Nilifurahi, na furaha yenyewe iliniuma. Nikamwomba aingie kwenye orodha. Akataka kuona orodha.

"Huyu Wilondja, alikufa?"

"Sijui."

"Sasa juu ya nini munamutoa?"

"Juu kazi yote inamungojea, na yeye haiko."

Alifikiri. "Basi andika alihama. Usiandike mulimutoa."

Niliandika hivyo katika maelezo ya badiliko, neno kwa neno. Etabo akasoma, Riziki akasoma, na kwa nafasi ya Wilondja nilimwomba Anselm atumie ule ufunguo wake, mara hiyo moja. Alitumia. Maneno ya Inasubiri Wilondja yalitoweka kwenye kurasa zote tisa kwa pamoja. Nilikuwa nimeyazoea kiasi kwamba nilihisi mtu ameondoka chumbani.

Siku yangu ya mwisho mlinipa kitenge na soda, na hotuba ndefu kuliko vyote viwili. Badiliko langu lilikuwa bado limekataliwa. Nilijaribu kulirekebisha mara tatu, na mara tatu Riziki alilirudisha. Nilifuta jina langu kwenye mradi mwenyewe, ili kusiwe na mtu wa kuningoja, nikakabidhi funguo, nikaenda nyumbani kwa miguu. Simu yangu ilikuwa imezoea kulia kila mtu anapoandika neno juu ya zahanati. Juma la kwanza niliiweka karibu na sahani wakati wa kula. Haikulia. Ni mimi niliyeifundisha isilie, na bado niliitazama.

Nimevumilia majuma saba. Juzi, baada ya misa, nilifungua ukurasa kama mtu yeyote wa nje anavyoweza kuufungua. Badiliko limeingia. Etabo na Riziki walilijadili siku kumi na nane. Aliandika yeye Riziki mwenyewe, kutoka kwenye simu, kwa Kiswahili cha Lweba, na Etabo akamjibu kwa adabu ambayo hapa ghalani sikuwahi kuiona. Wameweka kalenda ya mwezi wa angani ndani yake. Wameacha zahanati za milimani, zisizo na wavuvi, zihesabiwe kivyake. Katika mistari yangu themanini wamebakiza sita, na hiyo sita wameipanga vizuri zaidi. Hakuna mahali walipoandika "tumwulize Mama Nyassa".

Nilisoma yote tangu mwanzo, polepole, kisha nikarudia. Nilitafuta kosa. Nitawaambia ukweli, nilitamani nilipate, hata dogo, hata la nukta, nipate sababu ya kumpigia Riziki simu. Sikulipata.